Kuchonga Nta ya Meno ya Bandia: Somo kwa Wanaojitayarisha kwa Mtihani

Ndugu mwanafunzi, somo hili ni kwa wewe unayejifunza kutengeneza meno ya bandia na unayengojea mtihani wa mikono. Umekwisha kujifunza kumwaga plasta, kutoa modeli, na kupanga meno juu ya artikulateri. Sasa munganga wa meno amejaribu ile dantie ya nta katika kinywa cha mgonjwa. Ameona meno ya juu na ya chini yanakutana vizuri. Mgonjwa naye amejitazama katika kioo na amekubali. Munganga anakurudishia kazi. Kinachobaki ni kuipa nta umbo la fizi, kabla ya kuifunga ndani ya mufle na kuigeuza kuwa rezini.

Wanafunzi wengi wanafikiri hapa kazi imekwisha. Wanasema: "Meno yamepangwa, sasa tunapamba tu." Hapana. Ile nta unayoichonga leo ndiyo rezini atakayoibeba yule mama katika kinywa chake kwa miaka. Shavu lake litaigusa, ulimi wake utaigusa, chakula kitapita juu yake kila siku. Ukiacha nta nyingi, rezini itakuwa nyingi. Ukiacha shimo, shimo litabaki. Na rezini haikatwi kwa kisu cha nta. Inataka mashine, inatoa vumbi, inakula masaa, na ukisugua karibu na meno unaweza kuyaharibu.

Habari ya mtihani yenyewe. Shule na nchi hazifanani. Katika Marekani kuna baraza linalotoa cheti kinachoitwa CDT, nalo lilianzishwa mwaka 1958. Mafundi wanapimwa kwa kuandika na kwa mikono, na dantie kamili ni moja ya matawi ya kazi wanayoweza kuchagua. Katika Kenya, chuo cha KMTC kinafundisha mafundi wa meno kwa diploma. Lakini popote unapokwenda, mpimaji anafanya kitu kimoja: anachukua kazi yako, anaigeuza pande zote, anaitazama mbele, upande wa shavu, upande wa ulimi, na kingo zake. Anatafuta kama kinywa cha mtu kitaikubali. Basi ukijifunza kumfikiria mgonjwa, umekwisha kujitayarisha kwa mpimaji.

TAZAMA FIZI KWANZA

Kabla ya kushika kisu, tazama kinywa cha mtu mwenye meno yake yote. Mwombe mwenzako wa shule asimame karibu na dirisha na avute mdomo wake juu. Usitazame haraka. Utaona mambo ambayo umeishi nayo tangu utoto bila kuyajua.

Ukingo wa fizi hauko mstari mmoja kama pindo la kitenge. Kila jino lina upinde wake. Upinde wa chonge uko juu sana. Ule wa meno mawili makubwa ya katikati unakaribia urefu huo. Lakini lile jino dogo lililo kati ya jino la katikati na chonge, upinde wake unashuka kidogo, kama milimeta 1. Kama unachonga yote katika mstari mmoja, mtu ataona kwa mbali kwamba meno haya ni ya bandia, hata kama hajui kueleza sababu.

Sasa tazama juu zaidi, pale mizizi ilipo. Mizizi inainua fizi kidogo kidogo, kama migongo ya vidole chini ya shuka. Mgongo wa chonge ni mrefu na unaonekana zaidi. Ule wa jino dogo la pembeni ni mfupi. Kati ya mgongo na mgongo kuna bonde lisilo na kina. Katika taya ya chini pia chonge ndiyo ndefu, na yale ya katikati ndiyo mafupi. Wanafunzi wanapenda kutia migongo hii kwa nguvu, mpaka dantie inafanana na ubao wa kufulia nguo. Migongo inatakiwa ionekane tu wakati mwanga unapita kwa upande.

Tena tazama kati ya jino na jino. Fizi inashuka pale kama ncha ndogo na inajaza nafasi. Imevimba kidogo kwa nje, haina shimo. Hii ni jambo la afya, si la uzuri peke yake. Ukichimba shimo kati ya meno, ugali na majani ya sombe vitakaa pale. Mgonjwa akila mara tatu kwa siku na kuosha mara moja, uchafu unaoza, kinywa kinanuka, na fizi zilizo chini ya dantie zinaweza kuwa nyekundu kwa sababu ya kuvu. Ni kweli, mgonjwa naye anapaswa kufundishwa: avue dantie usiku, aisugue kwa burosi na sabuni kila siku. Lakini burosi haifiki vizuri katika shimo ulilolichimba wewe.

Kisha tazama kinywa cha mzee ambaye bado ana meno yake. Kwake fizi zimepanda, shingo za meno zinaonekana, na zile ncha kati ya meno zimekuwa fupi. Kama karatasi ya kazi inasema mgonjwa ana miaka 70, usimtengenezee fizi za msichana wa miaka 20. Chora kwa kalamu ya risasi yale uliyoyaona, mzee upande huu, kijana upande huu, na ubandike mchoro juu ya meza yako ya kazi.

NTA NA JOTO

Nta yetu nyekundu, ile wengine wanaita sire, sehemu yake kubwa ni parafini, pamoja na nta ya nyuki na vitu vingine. Inapanuka sana ikipata joto na kusinyaa sana ikipoa, kupita karibu kila kitu kingine tunachotumia katika kazi ya meno. Kutoka hapa yanakuja makosa mengi yanayoitwa "bahati mbaya".

Fikiri hivi. Unamwaga nta ya moto sana upande wa shavu wa gego. Nta inapoa, inasinyaa, inalivuta lile jino upande wake. Huoni kitu kwa macho. Lakini munganga alikuwa amekubali jinsi meno yanavyokutana, na sasa hayakutani vile tena. Mgonjwa ataona jino moja linagonga mbele ya mengine, na fizi yake itauma mahali pamoja.

Kwa hiyo: yeyusha nta kidogo kidogo, isitoe moshi. Weka kidogo upande wa kuume, kisha hama uweke upande wa kushoto, ili ule wa kwanza upoe polepole. Usirudie mahali pamoja mara nyingi kwa spatula ya moto. Na kila baada ya sehemu ya kazi, funga artikulateri na uangalie ule msumari wa mbele. Kama msumari haugusi sahani yake tena, meno yamesogea. Simama hapo hapo, utafute jino lililopanda, ulirudishe. Mpimaji naye ataanza na msumari huo.

Nta ina tabia nyingine: haisahau. Ukiikunja kwa nguvu wakati haijalainika vizuri, inabaki na hamu ya kurudi kama ilivyokuwa, na itarudi polepole, hata usiku wakati wewe umelala. Kwa sababu hiyo dantie iliyokwisha kuchongwa haikai siku tatu juu ya dirisha penye jua. Ifunge katika mufle mapema. Kama inabidi ilale, ilale mahali pa baridi, na asubuhi uangalie tena msumari kabla ya kufanya lolote.

Tofauti ya mahali pia ni kitu cha kufikiri. Nta inatengenezwa kwa namna mbalimbali: laini, ya katikati, na ngumu. Ile ngumu ilifikiriwa kwa ajili ya joto. Fundi wa Kisangani anaihitaji kuliko fundi wa Bukavu, ambaye kwake asubuhi nta ya ngumu inaweza kuvunjika-vunjika chini ya kisu. Kabla ya kununua, soma sanduku. Kama katika stoo iko namna moja tu, basi panga saa yako: mahali pa joto, chonga asubuhi, mahali pa baridi, ngoja hewa ipate joto.

KUJAZA NA KUKATA

Jaza zaidi kidogo ya unavyohitaji, kwa sababu utakata. Funika shingo za meno, jaza nafasi zote kati ya meno, na jaza kingo mpaka ndani kabisa ya ule mfereji uliopo katika modeli. Ukingo ule uliumbwa na mdomo na mashavu ya mgonjwa mwenyewe wakati munganga alipochukua alama. Una unene wa kama milimeta 2 mpaka 3 na umeviringana. Usiufanye mwembamba kwa kisingizio cha uzuri. Ukingo mwembamba unakata fizi, tena hauzuii hewa kuingia, na hewa ikiingia dantie inaanguka. Mahali pa ile kano ndogo ya katikati ya mdomo, acha mwanya wake kama ulivyo katika modeli, usiuzibe kwa nta.

Sasa kukata shingo za meno. Shika kisu kidogo kikiinama kama digrii 45 juu ya jino, na upite mara moja, bila kutetemeka, kufuata upinde. Ukikishika kimelala juu ya jino, fizi itabaki nyembamba kama karatasi. Ukikisimamisha sana, utaacha ngazi kubwa ambayo uchafu utapanda juu yake. Lile jino linalotoka katika nta lionekane kama linazaliwa kutoka fizi, si kama kokoto iliyobandikwa juu ya tope. Usikate mpaka ndani sana, kwa maana shingo ya jino inatakiwa ishikwe vizuri na rezini.

Safisha nta yote juu ya meno. Neno "yote" nimeliandika kwa makusudi. Tabaka la nta unaloona kama mng'aro tu juu ya jino, plasta ya mufle italichukua alama, na kesho kutakuwa na rezini nyekundu juu ya jino jeupe. Tumia kijiti cha mti kilichochongwa ncha, kisha kitambaa.

PANDE AMBAZO MGONJWA ATAZISIKIA

Wapimaji wanazoea kuona kazi nzuri mbele na mbaya nyuma. Mwanafunzi anatumia masaa mawili juu ya meno sita ya mbele, kisha dakika kumi kwa mengine yote. Mgonjwa kinyume chake: mbele anapaonyesha kwa watu, lakini nyuma ndiyo anapaishi.

Upande wa shavu, chini ya magego, chonga nta iwe na bonde dogo, kama ndani ya kijiko cha chai. Msuli wa shavu utalala pale na kuikandamiza dantie mahali pake. Ukiacha pale pamevimba, kila wakati shavu linapokaza, linaisukuma dantie itoke. Ndipo utasikia mgonjwa akisema: "Munganga, hii meno iko inaruka kama niko nakula." Mbele, pale chonge ilipo, acha pamejaa, kwa maana pale panashikilia mdomo usiingie ndani kama wa mtu asiye na meno.

Katika taya ya chini, upande wa ulimi, fanya vilevile: bonde dogo ili ulimi upate mahali pa kulala na uishike dantie chini. Lakini usichimbe sana chini ya meno, maana ulimi ukiingia chini yake utaiinua. Dantie ya chini ndiyo inayowasumbua watu zaidi. Haina kaakaa la kuishikilia, inakaa juu ya mfupa mwembamba, na ulimi unahama juu yake mchana kutwa. Kwa hiyo usiifanye haraka kuliko ya juu.

Kaakaa ya dantie ya juu iwe na unene ulio sawa, kama milimeta 2 mpaka 2 na nusu. Choma kwa sindano uliyotia alama na uone. Ikiwa nyembamba sana itavunjika siku mzee atakapoiangusha katika beseni. Ikiwa nene, hasa nyuma ya meno ya mbele, ulimi hautapata nafasi na maneno yataharibika. Munganga atakapomwambia mgonjwa ahesabu "sita, saba", utasikia mara moja. Na ule mstari wa nyuma wa kaakaa, uliochongwa katika modeli kwa agizo la munganga, usiuguse.

Unene una sababu nyingine pia, na mara nyingi inaulizwa katika mtihani wa kuandika. Rezini inapoiva inatoa joto lake yenyewe. Mahali penye unene mkubwa joto linabaki ndani, na maji ya rezini, yaani monomeri, yanachemka karibu na digrii 100. Yakichemka ndani, yanaacha matundu madogo kama ya mkate. Basi nene ya bure katika nta ni matundu katika rezini. Kwa kazi nene, njia ya polepole ya digrii 74 kwa masaa 8 au 9 ni salama kuliko ya haraka. Tena inawafaa wenzetu wa milimani: katika Bukavu na Goma, kwenye kimo cha karibu meta 1500, maji yanachemka kwa digrii 95 hivi, lakini digrii 74 ni digrii 74 kila mahali.

VIDOTI, MOTO, NA KUFUNGA

Fizi yenye afya ina vidoti vidogo kama ganda la chungwa. Watu wanavitengeneza kwa burosi yenye nywele zilizokatwa fupi, wakigonga-gonga nta polepole. Weka sehemu ya katikati tu ya fizi. Usiweke kwenye ukingo karibu na jino, wala chini kwenye kingo zinazogusa shavu: pale pabaki laini. Mimi naona afadhali vichache kuliko vingi. Kuna wanafunzi wanaoficha mchongo mbaya chini ya vidoti, na mpimaji anakijua kitendo hicho tangu zamani. Na kwa mgonjwa anayevuta tumbaku, fizi laini inasafishika zaidi.

Kabla ya vidoti, pitisha moto mdogo wa taa ya alkoli juu ya nta, haraka, bila kusimama. Nta ing'ae tu, isitiririke. Ukisimama kwa muda wa pumzi moja, ule upinde uliouchonga kwa nusu saa utayeyuka. Kisha maji baridi, na pamba yenye sabuni kidogo, usugue mpaka iwe laini.

Mwisho funga kingo zote kwenye modeli kwa nta ya moto, kuzunguka pande zote, bila kuacha mwanya. Mwanya mdogo tu unatosha plasta ya mufle iingie chini. Baadaye, ndani ya maji yanayochemka kwa kama dakika 5, nta italainika na mufle itafunguka. Osha kwa maji safi ya moto yenye sabuni mpaka shingo za meno zisiwe na mafuta hata kidogo, kwa sababu rezini haishiki jino lenye mafuta ya nta, na jino hilo litatoka siku ya kwanza ya kula muhindi wa kuchoma.

Siku hizi kuna laboratuari zinazochora dantie katika kompyuta na kuzitoa kwa mashine. Kompyuta nayo inamwuliza fundi: fizi iwe juu kiasi gani, kaakaa iwe nene kiasi gani, shavu lipewe nafasi gani? Asiyejua kujibu kwa nta hatajua kujibu pale.

NAMNA YA KUJIZOEZA

Tumia modeli moja na meno yale yale, tena na tena. Chonga upande wa kuume leo, na kesho upande wa kushoto, uufanye uwe sawa na wa jana. Weka kioo kidogo katikati uone kama zinalingana. Ni zoezi gumu, na linafundisha kuliko kufanya dantie kumi mpya. Ukimaliza, funga macho na upitishe kidole cha shahada pande zote, ndani na nje. Kidole kinapata mavimbe ambayo jicho limezoea. Halafu mpe mwenzako kazi bila kumweleza kitu, umwambie: "Ndugu, nitafutie makosa matatu." Usijitetee. Andika.

Nta uliyokata usiitupe. Ile safi itakufaa kwa mazoezi, lakini usiichanganye na ile ya wagonjwa, kwa maana imebeba vumbi la plasta. Mwezi wa mwisho kabla ya mtihani, weka saa juu ya meza na ujipe muda ule ule mtakaopewa. Anza na dantie ya chini ungali na nguvu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Msumari wa artikulateri hauguswi tena na sahani yake baada ya kuweka nta. Kumetokea nini, na utafanya nini kwanza?
2. Katika meno ya mbele ya juu, upinde wa fizi wa jino gani unashuka kuliko wa majirani zake?
3. Mama mmoja analalamika kwamba dantie yake ya chini inaruka akitafuna, lakini kingo zake ni sawasawa. Utatazama pande zipi za umbo ulilochonga?
4. Kwa nini nta nyingi katika kaakaa inaweza kuleta matundu katika rezini?
5. Mgonjwa mzee anavuta tumbaku. Utafanya vidoti, au hapana? Mweleze mwenzako sababu.